Nilikatwa mguu, kijijini wakaniita kupe, nikaamua kuoka vitafunwa vya Kiswidi kwa unga wa uwele

Wakuu, salaam kwenu nyote. Kwa wale wenye umri wangu, poleni na viungo.

Nimeshavuka sabini. Humu ndani huwa nasoma zaidi kuliko kuandika. Lakini juzi kwenye jukwaa la mapishi nimeona kijana ameweka picha ya vimkate vyake vya mdalasini, amevisokota vizuri kabisa, na watu badala ya kumuuliza alivyovipika wakaanza kumshambulia. "Dume zima unakanda ngano." "Mkuu tafuta kazi."

Nikasema hapana, hili siliachi lipite.

Ninachoandika kimenipata mimi mwenyewe. Pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga. Twende taratibu.

Mimi ni Mnyaturu, kwetu ni upande wa Ikungi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kibarua wa kubeba mabomba kwenye mradi wa kuchimba visima. Nchi ilikuwa changa, kila kijiji kinataka maji, na Singida yetu mnaijua, kiangazi maji unagombania na ng'ombe. Wataalamu wa mradi walikuwa Waswidi. Fundi mkuu tulimwita Bwana Lasi.

Siku moja tunashusha mabomba kwenye lori, mnyororo ukateleza. Bomba moja likashuka peke yake, likanikuta nimesimama mahali ambapo nilishaambiwa mara mbili nisisimame.

Mguu wa kulia ulisagika. Hospitali wakaukata chini ya goti.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeanza mazungumzo na familia ya binti mmoja, Damari. Baba yake, Mzee Yona, alikuja kuniona wodini. Akanipa pole, akaangalia shuka pale mguu ulipoishia, akasema, "Mwanangu, kwanza upone. Mengine tutayaongea."

Hayo mengine hayakuongelewa tena kwa muda mrefu sana.

Nilipotoka hospitali Bwana Lasi alinichukua nyumbani kwake Mandewa, Singida mjini. Akasema nitakuwa mlinzi. Wakuu, mlinzi wa mguu mmoja anamkimbiza nani? Nilijua ni huruma tu, na huruma ile ilikuwa inaniwasha kuliko kidonda.

Mke wake tulimwita Mama Guni. Mwanamke mrefu, mkimya, Kiswahili chake cha kuokoteza. Siku ya tatu akanifuata getini, akaniambia, "Ntandu. Saa tisa, fika."

Nikajua nimeitwa. Saa tisa kamili nikajikongoja na magongo yangu hadi mlango wa jikoni. "Hodi, mama. Nimefika."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe kwao *fika* ni ile kahawa ya mchana na kitu cha kutafuna. Kazi iwe nyingi vipi, saa ikifika wanasimama, wanakaa, wanakunywa. Yeye alikuwa ananikaribisha kahawa, mimi nikadhani nimeitwa kazini.

Mezani palikuwa na vimkate vidogo vimesokotwa kama fundo la kamba. Nikauma.

Iliki!

Mimi iliki niliijua kwenye pilau za sherehe na chai ya madukani kwa Wahindi. Mzungu wa nchi ya barafu anatia iliki kwenye mkate? Nikamuuliza iliki imefikaje kwao. Akasema, "Meli. Zamani sana." Akaniongezea kahawa.

Siku zilizofuata nikawa namwangalia akikanda. Siku moja nikamwambia, "Mama, kukanda hakuhitaji mguu."

Akavuta kigoda kirefu, akakiweka mbele ya meza, akanimegea donge.

Ndugu zangu, yule mama alikuwa mwalimu mkali. Neno lake lilikuwa moja: "Tena." Donge likiwa gumu, tena. Nikisokota vibaya, tena. Nikiunguza, anafungua dirisha moshi utoke, ananipa bakuli. Tena.

Kwa wanaotaka kujaribu nyumbani: maziwa ya uvuguvugu, siagi iliyoyeyushwa, sukari, hamira, chumvi kidogo, unga wa ngano, na iliki uliyoitwanga muda huo huo. Ile ya unga iliyokaa kwenye kopo miezi haina kitu. Unakanda mpaka donge liache mikono yako. Unafunika. Likiumuka unalisukuma liwe kama mkeka, unapaka siagi, unanyunyiza sukari na mdalasini, unakunja, unakata mistari, kila mstari unausokota na kuuzungusha kwenye vidole viwili, ncha unaificha chini. Unaacha viumuke mara ya pili. Hapo ndipo wengi wanakosea, wana haraka.

Akanifundisha na biskuti nyembamba za tangawizi, mdalasini na karafuu. Hizo hazina hamira, unga wake unalala usiku mzima ndio unasukumwa. Na nyingine nyeupe zinazoyeyuka mdomoni, kwao zinaitwa ndoto.

Aliniambia mgeni akija unatakiwa umwekee aina saba za biskuti. Nikauliza kwa nini saba? Akasema, "Sita, wewe mchoyo. Nane, wewe majivuno."

Nilikaa pale mwaka na nusu. Mkataba wa Bwana Lasi ulipoisha wakarudi kwao. Mama Guni aliniachia sinia mbili za chuma, kifimbo cha kusukumia, na vikopo vya kukatia biskuti. Tulipeana mikono. Hakulia, nami sikulia, lakini sinia zile nilizikumbatia kwenye lori njia nzima.

(Nipeni dakika wakuu, naitwa chai.)

Nimerudi.

Wakati nipo mjini, mama yangu alikuwa ameshahamishwa pamoja na wenzake kwenye kijiji kipya cha ujamaa, si mbali na Mkiwa. Nyumba kwenye mistari, kila kaya na kiwanja chake, na shamba kubwa la kijiji la mtama, uwele na karanga. Nikamfuata huko.

Vijana wa leo mnasoma ujamaa kwenye vitabu. Sisi tuliishi. Kulikuwa na mazuri, shule, zahanati, bomba la maji. Lakini kulikuwa na sheria moja: asiyefanya kazi na asile. Na kazi maana yake ilikuwa jembe.

Asubuhi tunapanga mstari, mwenyekiti anaita majina kutoka kwenye daftari. Huyo alikuwa Mwenyekiti Salumu, mtu mfupi, sauti kama ya parapanda. Siku zangu za kwanza alikuwa anaruka jina langu kwa heshima. Baadaye watu wakaanza kunung'unika. Siku moja akaliita.

"Ntandu!"

Kabla sijajibu sauti ikatoka nyuma: "Yuko jikoni na mama yake!"

Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Kupe huyo." Kupe, wakuu, lilikuwa neno zito enzi hizo. Ndilo tuliloitia wanyonyaji kwenye nyimbo za shuleni.

Damari alikuwa kwenye mstari ule. Hakucheka. Lakini aliangalia chini, na hilo liliniuma zaidi.

Kesho yake nikaenda shambani. Nilifunga magunia magotini, nikalima kwa kutambaa. Wenzangu wamemaliza mistari mitatu, mimi nusu mstari. Saa nne kigutu kikapasuka, damu ikalowesha gunia. Nikaanguka kifudifudi kwenye karanga za watu. Walinibeba hadi nyumbani.

Jioni Mzee Yona akaja. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia, akakaa. Hakuwa mtu mbaya, naomba muelewe hivyo.

Akasema, "Mwanangu, nimeona ulivyojitahidi. Lakini siwezi kumtoa binti yangu kwa mtu ambaye kwenye daftari hana kazi. Watakula nini wajukuu wangu?"

Alipoondoka mama yangu alisema kwa Kinyaturu maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama, "Mungu hakukuachia mikono ili ikae mapajani."

Nikakaa na neno hilo siku mbili.

Siku ya tatu nikaanza kujenga tanuri. Udongo wa kichuguu, mawe, na nusu ya pipa la mafuta lililotupwa karibu na barabara. Nilichanganya udongo nikiwa nimekaa chini. Watu wakipita wananisalimia huku wanaangaliana. Sikumweleza mtu.

Tanuri likakauka. Sasa ngano.

Ngano hakuna! Duka la ushirika lilikuwa na chumvi, viberiti na kaniki. Nikaomba lifti ya lori hadi mjini kwa Mzee Kanji, ambaye Mama Guni alikuwa ananunua viungo kwake. Akanyanyua mikono. "Ntandu, ngano hakuna. Nyumbani kwangu mke wangu anapika chapati za mtama." Lakini iliki alikuwa nayo, na mdalasini, na tangawizi kavu. Nikiwa nageuka akaniita, akaingia ndani, akatoka na kifurushi kidogo cha ngano cha jikoni kwake. "Hii si ya kuuza. Chukua."

Nikarudi na kifurushi kile, nikaamua sitakigusa mpaka niujue vizuri mtama na uwele.

Niwe mkweli, nilifeli sana. Vya kwanza vya mtama mtupu vilitoka kama vigae. Nilimtupia mbwa wa jirani, akanusa, akaondoka zake. Vya pili vikavunjika kwa kuangaliwa tu. Vya tatu, vya nne, basi. Mama alikuwa anavichukua vilivyoharibika, anavisaga, anavirudisha kwenye uji. Hakunilaumu hata siku moja, na nilimshukuru kwa hilo.

Ndipo nikakumbuka Mama Guni alikuwa na mkate mweusi wa nafaka ya kwao ambayo nayo haishikani. Unga ule alikuwa anaumwagia maji ya moto sana, anakoroga, anafunika, anauacha ulale. Nikafanya hivyo kwa uwele. Asubuhi unga umekuwa mtamu na unanata kidogo. Nikaongeza samli, karanga zilizosagwa, tangawizi, mdalasini, na badala ya sukari asali ya msituni. Nikasukuma nyembamba, nikakata, nikaoka kwa moto mdogo.

Biskuti ikavunjika mkononi kwa mlio. *Kach.*

Mama alikula moja. Akala ya pili. Ya tatu akaificha kwenye upindo wa kanga.

Vile vimkate vya fundo sasa. Bila ngano kabisa haiwezekani, anayekwambia inawezekana anakudanganya. Nusu kwa nusu na uwele uliolala, inawezekana. Hamira sikuwa nayo, nikatumia machicha ya mtukuru, ile pombe yetu ya mtama. Yaliumua vizuri ajabu.

Wiki ile ile ukaitishwa mkutano wa kijiji. Ajenda mojawapo: watu wasiohudhuria shambani. Nilijua ni mimi.

Nilioka tangu alfajiri, sinia moja ya biskuti, moja ya vimkate. Mama akabeba moja kichwani. Ya pili nilikuwa nafikiria nitaibebaje na magongo, nikashtukia inanyanyuliwa. Ni Damari. Alisema tu, "Twende, tutachelewa."

Ilipofika zamu yangu nikasimama.

"Mwenyekiti, naomba kusema. Nimejaribu jembe, mliniona. Siwezi, na sitadanganya kuwa nitaweza. Lakini shambani watu wanafika alfajiri na chakula kinakuja saa saba. Saa nne kila mtu miguu inatetemeka, wakina mama wanaonyonyesha ndio zaidi. Nipeni mtama na uwele wa ghala la kijiji, nami kila siku ya kazi, saa nne, nitalisha shamba lote. Iandikwe kuwa hiyo ni kazi."

Kelele zikaanza. Mmoja akasema, "Huo ni upishi wa kike!" Mwingine akapaza, "Hivyo ni vitu vya wazungu! Tumewatoa mlangoni, wewe unawarudisha kwa sinia?"

Nikajibu, "Uwele ni wa kwetu. Asali ni ya msitu wetu. Samli ni ya ng'ombe wetu. Iliki inalimwa hapa hapa nchini. Mzungu alinionyesha kufunga fundo tu."

Watu wakacheka, safari hii si kwa kunidharau. Sinia zikaanza kuzunguka. Mwenyekiti Salumu akachukua kimkate, akakipeleka mdomoni.

Wakuu, hapo nilikuwa na sekunde moja. Mwenyekiti ni Mwislamu, na ndani ya kimkate kile kuna machicha ya pombe. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na mama. Nikinyamaza, anakula, anafurahi, nimeshinda.

Nikasema, "Mwenyekiti, samahani. Hicho usile. Nimeumulia machicha ya mtukuru."

Akakitoa mdomoni, akakitazama, akakirudisha kwenye sinia. Nikaona mambo yameharibika. Nikasogeza ile sinia nyingine. "Hizi hazina pombe wala chachu yoyote. Ni uwele, asali na samli. Nakuapia."

Alinitazama machoni. Akachukua biskuti. *Kach.* Akatafuna polepole kama hakimu.

Mzee Yona akasimama. Alikuwa hajaonja chochote. "Ntandu, hiyo ngano umeipata kwa bahati. Ikikosekana kabisa?"

"Baba, biskuti hizo hazina hata chembe ya ngano."

Akaketi.

Mwenyekiti akafuta mikono. "Mtu ambaye angeweza kunilisha haramu nikapiga makofi, akanizuia mwenyewe, huyo simwiti kupe. Atapimwa mpaka mavuno. Lakini sikiliza, Ntandu. Siku moja ukikosa kufika shambani na chakula, jina linafutwa. Jembe halina udhuru, na tanuri lisiwe na udhuru."

Nikasema nimekubali. Baada ya hapo nikaacha machicha moja kwa moja, nikawa naoka kitu ambacho kila mwanakijiji anaweza kula.

Miezi ile sikulala sana. Lakini siku haikukosekana.

Mtihani ulikuja mwezi wa kwanza. Mvua ilinyesha kuanzia usiku, nilipoamka tanuri langu limelala chini kama ng'ombe mgonjwa. Tope tupu. Unga upo, watu wameshaenda shambani. Mama akashika kichwa.

Nikamwambia mama, leta sufuria. Akazunguka kwa majirani, akarudi nazo sita, na majirani wenyewe nyuma yake wanataka kuona. Tukapanga mafiga ndani ya nyumba. Makaa chini kidogo, makaa mengi juu ya mfuniko. Hii ndiyo oveni ya maskini, wakuu, na hata leo inafanya kazi, usinunue oveni kwa mkopo. Siri ni moto wa chini uwe mdogo kuliko wa juu.

Tulioka kwa zamu, moshi mpaka macho yakavimba. Nikaondoka na makapu mawili, moja mgongoni kwangu, moja kichwani kwa mama. Tope lilikuwa linameza gongo mpaka katikati. Nilianguka mara tatu, na kila mara niliangukia tumbo makusudi ili kapu lisiguse chini.

Tulipofika shambani watu walikuwa wameinama wanapalilia. Mwenyekiti akaangalia jua, akaangalia tope usoni kwangu. Akapiga filimbi ya mapumziko.

Mzee Yona alikuja mwenyewe kunivua kapu mgongoni. Akachukua biskuti yake ya kwanza tangu nianze kazi ile, akala akiwa amesimama. Akasema, "Ukipata nafasi Jumapili, uje nyumbani na mshenga."

Nililia, sioni aibu kuandika. Tope lilinisaidia kuficha.

Mavuno yalipokwisha jina langu likabaki. Nikaoa. Damari ndiye huyu aliyeniita chai hapo juu. Miaka ikaenda, shamba la kijiji likafa, watu wakarudi kwenye mashamba yao. Mimi nikahamishia tanuri barabarani Mkiwa, madereva wa malori wakawa wateja wangu. Watoto watano wamesoma kwa iliki na mdalasini. Mama Guni aliniandikia kadi miaka kadhaa, kisha kadi zikakoma. Nafikiri amepumzika.

Kuna jambo moja nisilisahau. Miaka michache baada ya harusi nilipata mguu wa bandia hospitalini, mzuri, nikawa natembea hata bila gongo. Mwenyekiti Salumu aliponiona akafurahi kwa dhati. Akasema, "Alhamdulillahi, Ntandu! Sasa unaweza kurudi shambani kama wanaume wenzako."

Nilikuwa nimekanda, mikono yote unga. Nikamwambia, "Mwenyekiti, mimi niko kazini."

Akavuta kigoda, akasema basi naomba mbili za moto.

Nilichojifunza ni hiki, na sina kingine cha kuwafundisha. Watu hawatakutambulia kazi yako kwa kuwahurumisha. Watakutambulia ukifika kila siku, na ukisema ukweli hata pale ambapo uongo ungekupitisha.

Kijana wa ile picha, kama unasoma hapa, vimkate vyako ni vizuri ila umevitoa mapema, katikati bado vibichi. Viache dakika mbili zaidi.

Na nyie mliomcheka, nawasubiri hapa chini. Mwenye swali la uwele usioshikana aulize, mwenye njia bora kuliko yangu aiweke wote tuione. Ila mwenye kejeli, kwanza aweke picha ya alichooka yeye.